Boromaisini: Antibiotiki yenye boroni bado haina bei sokoni

BORONI ni kitu kinachojulikana zaidi kwa watengenezaji wa vioo, sabuni na vigae kuliko kwa madaktari. Wakulima wa kahawa na alizeti nao wanaifahamu kama mbolea inayohitajika kwa kiasi kidogo sana. Hata hivyo, tangu mwaka 2003 dawa kadhaa zenye boroni zimeingia katika soko la dunia. Baadhi yake zimewatajirisha wenye hisa, na nyingine zimewaacha mikono mitupu.

Dawa zote hizo zimebuniwa na wanakemia. Lakini ipo nyingine ya zamani zaidi, ambayo haikubuniwa na mtu yeyote. Inatengenezwa na kidudu cha udongoni, inaitwa boromaisini, na katika miaka ya karibuni imetajwa tena kuhusiana na kifua kikuu na malaria. Wiki hii ukurasa huu unaeleza dawa hiyo ni nini, inaweza kufanya nini, na kwa nini mwenye akiba ya kuwekeza anapaswa kutofautisha habari za maabara na habari za soko.

Udongo wa Ivory Coast

Boromaisini ilitangazwa na wanasayansi wa Uswisi mwaka 1967. Waliipata kutoka kwa bakteria aitwaye Streptomyces antibioticus, aliyetolewa katika sampuli ya udongo wa Ivory Coast. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kitu kinachotengenezwa na kiumbe hai kugunduliwa kikiwa na boroni ndani yake. Mwaka 1971 umbo lake lilichorwa kamili kwa njia ya miale ya eksirei, na kati ya waliofanya kazi hiyo alikuwamo Vladimir Prelog, ambaye mwaka 1975 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia.

Ukoo wa Streptomyces si mgeni kwa mtu yeyote aliyewahi kudungwa sindano hospitalini. Ndio uliotoa streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kutibu kifua kikuu, ambayo iligunduliwa Marekani mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman. Tetrasaiklini nayo imetoka huko huko. Hata ile harufu nzuri ya ardhi mvua ya kwanza inaponyesha, sehemu kubwa yake hutokana na bakteria hawa. Wanaishi kwa kushindana na wadudu wenzao udongoni, na silaha wanazotengeneza kwa ajili ya ushindani huo ndizo binadamu amezigeuza kuwa vidonge.

Umbo la boromaisini linafanana na tenga. Boroni ni moja tu, imekaa katikati, imeshikwa na oksijeni nne, na minyororo mirefu ya kaboni imeizunguka pande zote. Kwa uzito, boroni ni kama asilimia 1.2 tu ya dawa yote. Msomaji aiweke akilini hesabu hii, tutaihitaji baadaye.

Inavyoua

Seli ya bakteria huweka potasiamu nyingi ndani kuliko iliyoko nje. Tofauti hiyo ni kama mzigo uliopangwa ghalani: seli imegharimika kuuingiza, na shughuli zake nyingi zinategemea mzigo huo kuwapo. Boromaisini inapofika kwenye utando wa seli, potasiamu huanza kuvuja nje. Seli hupoteza nguvu zake, protini nazo huvuja, na bakteria hufa.

Uchunguzi uliofanyika Singapore na kutangazwa mwaka 2016 ulieleza jambo hili kwa bakteria wa jamii ya kifua kikuu. Watafiti walipoongeza chumvi ya potasiamu katika maji ya kukuzia bakteria, makali ya dawa yalipungua. Hiyo ni dalili nzuri kwamba hapo ndipo dawa inapopiga.

Kilichowavutia wengi ni mambo mawili. Kwanza, dawa iliua bakteria wanaokua na pia wale waliolala. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita, na sababu mojawapo kubwa ni bakteria hao waliolala, ambao dawa nyingi haziwagusi mpaka waamke. Mgonjwa hupata nafuu mwezi wa pili, huona amepona, huacha dawa na kurudi shambani au dukani kwake, kisha ugonjwa humrudia ukiwa sugu. Dawa itakayowamaliza waliolala inaweza kufupisha tiba.

Pili, watafiti walijaribu kupata bakteria aliyezoea boromaisini na hawakumpata. Antibiotiki nyingi hushika protini moja ndani ya bakteria kama ufunguo unavyoingia katika kufuli, kwa hiyo bakteria akibadili kufuli kidogo tu ufunguo hauingii tena. Kuubadili utando mzima ni kazi ngumu zaidi.

Kifua kikuu si ugonjwa uliopitwa na wakati. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 10.8 waliugua mwaka 2023 na milioni 1.25 walikufa.

Malaria, ukimwi na kuku

Mwaka 2022 watafiti nchini Ujerumani walitangaza kuwa boromaisini inaua vimelea vya malaria aina ya Plasmodium falciparum, ambavyo ndivyo vinavyoua zaidi Afrika, na kwamba inafanya kazi kwa haraka. Ilikuwa na nguvu dhidi ya vimelea vinavyomletea mgonjwa homa, na pia dhidi ya vile vinavyosubiri kuchukuliwa na mbu. Kwa eneo letu habari hii si ndogo. WHO imethibitisha kuwapo kwa usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini nchini Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea, na dawa mseto zinazotumika sasa zote zinategemea artemisinini.

Kabla ya hapo, mwaka 1996, watafiti wa Japan waliripoti kuwa boromaisini inazuia virusi vya ukimwi kujizalisha katika seli zilizokuzwa maabara. Mwaka 2021 ikaripotiwa kuwa inazuia vimelea vya toksoplazma na kriptosporidiamu. Hicho cha pili huwaharisha watoto wadogo, na dawa za kukitibu ni haba.

Matumizi yaliyofikiriwa mapema kwa jicho la biashara, hata hivyo, yalihusu kuku. Mwaka 1975 ilitolewa hataza nchini Marekani ya kutumia boromaisini dhidi ya koksidiosisi, ugonjwa ambao wafugaji wetu huutambua kwa vifaranga kuharisha damu na kufa kwa mafungu. Soko lilikuwapo, kwani hakuna mfugaji wa kuku wa nyama asiyeujua ugonjwa huo. Lakini miaka michache kabla, mwaka 1971, monensini ilikuwa imeingia katika soko la Marekani. Nayo inatoka kwa Streptomyces, nayo huvuruga chumvi za ndani ya seli, na ndiyo iliyotawala chakula cha kuku kwa miaka mingi. Boromaisini ilibaki katika majalada.

Wenye kuuza vyakula vya mifugo wanajua jambo lingine kuhusu monensini: farasi na punda wakila chakula cha kuku kilichochanganywa dawa hiyo, hufa. Jambo hilo linatuleta kwenye kikwazo.

Seli za binadamu pia zina potasiamu

Moyo, mishipa ya fahamu na misuli ya binadamu vyote hufanya kazi kwa kutegemea tofauti ileile ya potasiamu kati ya ndani na nje ya seli. Dawa inayovujisha potasiamu ya bakteria inaweza, kwa kipimo kikubwa zaidi, kuvujisha ya mgonjwa. Katika majaribio ya maabara boromaisini imeonyesha kuwaumiza bakteria na vimelea kwa vipimo vidogo kuliko vile vinavyoumiza seli za binadamu, na hilo ndilo linalowapa watafiti moyo. Lakini seli katika kisahani si mtu mwenye moyo, ini na figo.

Aidha, boromaisini haifai kwa kila bakteria. Kundi la bakteria wenye utando wa ziada kwa nje, ambamo wamo wengi wanaosumbua wodi za hospitali, hulindwa na utando huo na dawa haiwafikii vizuri. Kwa hiyo wale wanaotarajia boromaisini itatatua usugu wa antibiotiki kwa ujumla wanatarajia kisichokuwapo. Usugu huo ni tatizo kubwa kweli. Uchunguzi mmoja wa kimataifa ulikadiria kuwa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 mwaka 2019. Boromaisini, ikifaulu, itatibu sehemu tu ya tatizo.

Kuna pia suala la utengenezaji. Wanakemia wamewahi kuiunda boromaisini kwa mikono yao, lakini kwa hatua nyingi mno kuweza kuingia katika hesabu ya kiwanda. Njia inayofaa ni kumlisha bakteria katika mapipa na kumkamua, kama inavyofanyika kwa penisilini.

Je, bei ya boroni itapanda?

Swali hili huulizwa na wafanyabiashara wa madini, na jibu lake ni hapana. Turudi kwenye ile asilimia 1.2. Tani nzima ya boromaisini ingehitaji kilo 12 tu za boroni, sawa na kilo 110 hivi za boraksi, yaani mifuko miwili ya kilo 50 na ziada kidogo. Mafundi wa dhahabu huitumia boraksi kila siku wanapoyeyusha dhahabu. Soko la boroni linaongozwa na Uturuki, yenye akiba kubwa kuliko nchi zote, na mgodi wa Rio Tinto ulioko California, na wateja wao wakubwa ni viwanda vya vioo. Dawa haitalitikisa soko hilo.

Tukiwa hapo hapo kwenye boraksi, ni vyema kutahadharisha. Wapo watu wanaoinadi kama dawa ya viungo na magonjwa mengine kwa kuichanganya na maji ya kunywa. Boraksi si boromaisini, na ikinywewa ni sumu. Mfanyabiashara anayeiuza kwa mafundi asikubali kuiuza kwa mgonjwa.

Waliopata na waliopoteza

Kwa mwekezaji, somo kubwa liko katika historia ya dawa nyingine zenye boroni. Hizi zimebuniwa maabara na hazifanyi kazi kama boromaisini, lakini zimeonyesha kwamba boroni inaweza kuingia katika mwili wa mgonjwa bila kumdhuru kupita kiasi. Hapo nyuma wengi katika viwanda vya madawa waliamini ni sumu ya mende na mchwa tu.

Ya kwanza kufaulu ilikuwa bortezomib, dawa ya saratani ya uboho, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa jina la Velcade. Kampuni iliyoimiliki, Millennium, ilinunuliwa na Takeda ya Japan mwaka 2008 kwa dola za Kimarekani bilioni 8.8.

Ikafuata Anacor ya California, kampuni iliyojenga kazi yake yote juu ya boroni. Mwaka 2010 ilipouza hisa zake kwa umma, kila moja ilitoka kwa dola 5. Mwaka 2016 Pfizer iliinunua kwa dola 99.25 kwa hisa, jumla ya dola bilioni 5.2 hivi. Aliyevumilia miaka sita alizidisha fedha yake karibu mara 20. Pfizer ilitarajia dawa kuu ya Anacor, mafuta ya kupaka ya ugonjwa wa ngozi yaitwayo Eucrisa, ifikie mauzo ya dola bilioni 2 kwa mwaka. Mwaka 2019 mauzo hayakufika hata dola milioni 150. Waliouza walifaidi kuliko aliyenunua.

Sasa tazama upande wa antibiotiki. Vaborbactam ni dawa yenye boroni inayovunja kinga ya bakteria sugu ili antibiotiki ya meropenem iweze kuwaua. Mchanganyiko huo, kwa jina la Vabomere, uliidhinishwa Marekani Agosti 2017. Kisayansi ulikuwa ushindi, kwa sababu ulilenga bakteria ambao madaktari walikuwa wamebakiwa na dawa chache sana za kuwatibu. Mwanzoni mwa mwaka 2018 ukamilikiwa na kampuni ya Melinta. Desemba 2019 Melinta iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Waliokuwa wameikopesha wakaichukua, na wenye hisa za kawaida hawakupata kitu. Mwezi Aprili mwaka huohuo kampuni nyingine ya antibiotiki, Achaogen, nayo ilikuwa imefilisika, miezi kama kumi tu baada ya dawa yake ya plazomicin kuidhinishwa.

Inawezekanaje dawa nzuri ikaua kampuni yake? Hesabu si ngumu. Dawa ya shinikizo la damu humezwa kila siku mpaka mwisho wa maisha. Antibiotiki humezwa kwa siku saba au kumi, mgonjwa akapona, biashara ikaisha. Tena antibiotiki mpya, ikiwa kali kuliko nyingine, madaktari huiweka kabatini wasiitumie ovyo, ili bakteria wasiizoee. Daktari anafanya sawa kabisa, na mwenye kampuni anakosa mauzo. Katika biashara gani nyingine bidhaa bora ndiyo inayotolewa dukani mara chache zaidi?

Uingereza imejaribu njia ya kulipa kama ada. Mwaka 2022 ilianza kulipa makampuni mawili, Pfizer na Shionogi, kiasi kisichozidi paundi milioni 10 kwa mwaka kwa kila dawa, iwe imetumika sana au kidogo. Mpango huo una mantiki, lakini nchi moja haiwezi kuwa soko la dunia.

Kwa kifua kikuu hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa wanunuzi wakuu ni serikali na mifuko ya misaada, na hao hushusha bei kwa bidii. Bedaquiline, dawa ya kifua kikuu sugu iliyoidhinishwa mwaka 2012, ilipofika mwaka 2023 ilikuwa inanunuliwa kwa ajili ya nchi maskini kwa dola 130 kwa tiba ya miezi sita. Kwa mgonjwa ni neema. Kwa anayetafuta gawio, si hapo pa kulitafutia.

Njia ya Congo

Upo mfano mmoja wa dawa ya boroni iliyopita nje ya soko la hisa, na kwa maoni ya mwandishi huu ndio unaofanana zaidi na njia ambayo boromaisini ingeweza kupita. Acoziborole ilitokana na kemia ya Anacor, ikaendelezwa na shirika lisilo la faida la DNDi kwa ajili ya malale. Majaribio yalifanyika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na Guinea kati ya mwaka 2016 na 2019, kwa wagonjwa 208 wa malale ya aina ya Afrika Magharibi na Kati. Mgonjwa alimeza vidonge vitatu, mara moja tu. Kati ya waliokuwa katika hatua ya mwisho ya ugonjwa, asilimia 95 walihesabiwa kuwa wamepona baada ya miezi 18. Wazee wa Congo wanaikumbuka tiba ya zamani ya hatua hiyo, sindano yenye aseniki iliyounguza mishipa na kuwaua baadhi ya waliotibiwa.

Hakuna mwekezaji binafsi ambaye angetoa fedha kwa ugonjwa ambao wagonjwa wake wanaoripotiwa sasa ni chini ya 1,000 kwa mwaka. Fedha zilitoka kwa serikali na wafadhili, na kampuni ya Sanofi ikashirikiana.

Boromaisini yenyewe ina tatizo la kisheria linalofanana na hilo. Imetangazwa tangu mwaka 1967, kwa hiyo hakuna anayeweza kupata hataza ya dawa hiyo kama ilivyo. Kinachoweza kupata hataza ni umbo lililobadilishwa au matumizi mapya, na hataza ya matumizi mapya ni dhaifu kuitetea mahakamani. Kampuni itakayotaka kuweka mamilioni ya dola humo itaanza kwa kuibadilisha, na huo ni mwanzo wa safari nyingine upya: wanyama kwanza, kisha watu wenye afya, kisha wagonjwa wachache, kisha wengi. Kati ya dawa kumi zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, moja hivi ndiyo hufika sokoni.

Kwa hiyo msomaji akiletewa hisa za kampuni inayojinadi kwa jina la boromaisini, aulize dawa hiyo imefika hatua gani kati ya hizo, nani anamiliki hataza na ya kitu gani, na kampuni ina fedha za miezi mingapi. Akijibiwa kwa picha za visahani vya maabara, ajue bado yuko mwaka 1967 au karibu na hapo.

Hadi sasa hakuna nchi iliyoisajili boromaisini kuwa dawa ya binadamu. Inauzwa kwa miligramu na wauzaji wa kemikali kwa maabara za utafiti, na kichupa chake huandikwa kuwa si kwa matumizi ya binadamu.